Eldridge Johnson: Fundi aliyetajirika kwa kukarabati gramafoni ya mwenzake

MWAKA 1896, katika mji wa Camden, jimbo la New Jersey nchini Marekani, karakana moja ndogo ya mashine ilipokea kazi ambayo haikuonekana kuwa na faida kubwa. Mteja alileta gramafoni iliyokuwa ikizungushwa kwa mkono, akataka itengenezewe springi ili izunguke yenyewe. Mwenye karakana alikuwa kijana wa miaka 29, Eldridge Reeves Johnson.

Miaka 30 baadaye, fundi huyo alikubali kuuza hisa zake katika kampuni iliyozaliwa na kazi ile kwa zaidi ya dola milioni 28 za wakati huo.

Johnson hakuvumbua gramafoni. Aliyeivumbua ni Emile Berliner, Mjerumani aliyehamia Marekani mwaka 1870 na kuandikisha hataza ya mashine hiyo mwaka 1887. Alichokifanya Johnson ni kuichukua mashine yenye kasoro, kuifungua, kuitengeneza sehemu moja baada ya nyingine kwa mtaji mdogo, kisha kuirudisha sokoni ikiwa bidhaa ambayo watu walikuwa tayari kuilipia. Njiani alikaribia kupoteza kila alichokuwa nacho.

Aliyeambiwa hafai chuo

Johnson alizaliwa Februari 6, 1867 katika mji wa Wilmington, jimbo la Delaware. Mama yake alifariki akiwa bado mdogo, naye akapelekwa kulelewa na shangazi yake shambani. Alipofikia umri wa miaka 10 hivi alihamia mji wa Dover kuishi na baba yake, ambako aliendelea na masomo hadi alipomaliza mwaka 1882 akiwa na miaka 15.

Nia yake ilikuwa kuendelea na chuo. Hata hivyo, mkuu wa shule yake aliona kwamba kichwa chake hakikufaa kwa masomo ya juu, na akashauri apelekwe kujifunza ufundi. Mwaka uliofuata kijana huyo akaingia uanagenzi katika karakana ya mashine mjini Philadelphia.

Kazi ya karakana zile ilikuwa ya kila namna. Leo inaletwa pampu, kesho mtambo wa kiwandani, keshokutwa kifaa ambacho fundi hajawahi kukiona. Anayefanya kazi hiyo hupata mazoea ya kujiuliza sehemu ipi hasa ndiyo inayoleta hitilafu, badala ya kutupa mtambo mzima.

Mwaka 1888 alihamia karakana ya Andrew Scull huko Camden. Mtoto wa mzee Scull, aliyekuwa mhandisi, alikuwa amefariki na kuacha mashine ya kujalidi vitabu ambayo haijakamilika. Johnson ndiye aliyeikamilisha. Baada ya muda wa kuhangaika magharibi ya nchi akitafuta bahati, alirejea Camden, na mwaka 1894 akanunua sehemu ya mzee Scull na kuwa mwenye karakana.

Kasuku mwenye mafua

Gramafoni iliyofika mbele ya Johnson ilikuwa na matatizo mawili yaliyoonekana wazi. La kwanza ni mwendo. Mkono wa binadamu hauwezi kuzungusha kitu kwa kasi ile ile kwa dakika mbili au tatu mfululizo. Mkono ukichoka, santuri hupunguza mwendo na sauti hushuka. Mkono ukiharakisha, mwimbaji wa sauti nzito hugeuka mtoto.

La pili ni mlio wenyewe. Baadaye Johnson aliufananisha na wa kasuku aliyefundishwa nusunusu, tena mwenye koo bovu na mafua. Pamoja na hayo, mashine ilimvutia kuliko kazi zote alizowahi kupokea.

Alianza na mwendo. Springi za saa zilikuwepo, lakini springi ikijazwa huwa na nguvu nyingi mwanzoni na kulegea mwishoni. Ilihitajika motari yenye nguvu ya kutosha, bei ndogo na kidhibiti mwendo. Kidhibiti hicho huwa na vyuma vidogo vizito vilivyofungwa kwenye mhimili. Mwendo ukizidi, vyuma hupanuka na kuvuta kisahani kinachogusa breki ndogo. Mwendo ukipungua, hurudi ndani na kuiachia breki. Motari ya Johnson ilikuwa rahisi kutengeneza na ilifanya kazi. Kampuni ya Berliner ikaanza kuagiza motari kwake, kisha mashine nzima.

Hapo karakana iliyoishi kwa kungoja wateja wa siku moja moja ikapata oda ya kudumu.

Kisanduku kidogo, thamani kubwa

Baada ya mwendo, Johnson aligeukia kichwa cha gramafoni, yaani kile kisanduku cha sauti kinachoshika sindano. Hiki ndicho babu wa vichwa vya kielektroniki vinavyofungwa kwenye mashine za santuri za leo.

Muundo wake si mgumu kuuelewa. Sindano ya chuma hukazwa kwa skrubu kwenye kijiti. Kijiti hicho kina egemeo, kama mizani, na ncha yake ya pili imeshikizwa katikati ya kiwambo cha mviringo chembamba. Mfereji wa santuri unapoitikisa sindano, kijiti hukitikisa kiwambo, na kiwambo huitikisa hewa inayopita kwenye pembe hadi masikioni. Hakuna umeme wowote. Nguvu yote ya sauti hutoka kwenye mfereji.

Kwa hiyo kila kilichopotea katika kisanduku kile kilikuwa sauti iliyopotea. Kiwambo kizito hunyamazisha, egemeo lililolegea hukwaruza, na mpira unaoshika ukingo wa kiwambo ukiwa mgumu sauti huwa ya bati. Mwaka 1896 Johnson na Alfred Clark, aliyekuwa akifanya kazi upande wa Berliner, walibuni kisanduku kipya kilichoboresha sehemu hizo. Miaka iliyofuata kiwambo cha ulanga, madini mepesi yanayobanduka kama karatasi, ndicho kilichozoeleka katika mashine za aina hii.

Kwa hesabu ya biashara, kisanduku hicho kilikuwa sehemu ndogo ya mashine. Kabati, pembe na motari vilitumia malighafi nyingi zaidi. Lakini mnunuzi aliyesimama dukani hakununua kabati, alinunua sauti.

Tatizo jingine lilikuwa santuri yenyewe. Berliner aliandika sauti juu ya sahani ya zinki iliyopakwa tabaka jembamba, kisha tindikali ikala ile michoro. Tindikali haikati mfereji laini, na mikwaruzo yake ilisikika katika kila nakala. Johnson alianza kufanya majaribio kwa siri ya kukata mfereji kwenye sahani ya nta, kisha kuifunika nta hiyo kwa metali kwa njia ya umeme ili kupata chapa ya kugandamizia nakala. Kufikia mwaka 1900 njia hiyo ilikuwa imemkubali, na santuri zake zikatoka na lebo ya karatasi katikati, jambo lililokuwa jipya.

Mazao ya shamba ndani ya santuri

Wasomaji wa kurasa za kilimo huenda wasijue ni kiasi gani biashara hii ilitegemea mazao ya mashambani na misituni. Santuri za kwanza za Berliner nchini Marekani zilikuwa za mpira uliogandishwa. Kabla ya miaka ya 1890 kwisha, zilianza kutengenezwa kwa shelaki, utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wanaoishi kwenye matawi ya miti huko India na nchi jirani. Ni jamii moja na lakiri iliyotumika kufungia barua. Wakulima hukata matawi, hukwangua ule ugumu, huuosha na kuuyeyusha.

Shelaki ilichanganywa na unga wa mawe, masizi na nyuzi za pamba. Unga wa mawe ulikuwa na kazi maalumu: kuisaga ncha ya sindano katika mizunguko ya mwanzo hadi ienee vizuri ndani ya mfereji. Ndiyo maana sindano ya chuma ilitakiwa kutupwa baada ya kupiga upande mmoja tu. Aliyeona sindano hizo ni ghali na kuitumia moja mara 10 aliharibu santuri iliyogharimu zaidi ya pakiti nzima ya sindano. Baadaye zilikuja sindano za mianzi, ambazo mwenye mashine aliweza kuzichonga upya, na wengine walitumia miiba ya dungusi kakati.

Soko lafungwa

Katikati ya mafanikio hayo, pigo likaja kutoka upande ambao Johnson hakuwa na uwezo nao. Haki ya kuuza gramafoni za Berliner nchini Marekani alikuwa nayo wakala mmoja, Frank Seaman wa New York. Seaman na Berliner walikorofishana kuhusu bei na faida. Seaman akaanza kuuza mashine nyingine iliyofanana na ile, akashirikiana na washindani wa Berliner, na Juni 1900 mahakama ikamzuia Berliner kuuza gramafoni nchini humo.

Mvumbuzi akawa amefungiwa soko la uvumbuzi wake mwenyewe. Kwa Johnson hali ilikuwa mbaya vile vile. Alikuwa ameingiza faida yake yote katika kupanua kiwanda kwa kutegemea mnunuzi mmoja, na sasa mnunuzi huyo hakuruhusiwa kununua. Mashine zilibaki kiwandani, mafundi walidai mshahara na mkopo haungoji.

Ni hali inayojulikana kwa mkulima yeyote aliyelima zao moja kwa ajili ya kiwanda kimoja, kisha kiwanda kikafunga milango wakati wa mavuno.

Johnson aliamua kuuza mwenyewe. Alimchukua Leon Douglass, mtu aliyekuwa na kipaji cha matangazo, na wakatoa tangazo la kumpa santuri moja ya bure kila mwenye gramafoni. Aliyeipokea aliisikia tofauti kati ya santuri ya nta na ile ya zinki akiwa nyumbani kwake, juu ya mashine yake ya zamani. Wengi walirudi kununua nyingine.

Seaman alimfuata mahakamani naye pia. Mwaka 1901 Johnson aliruhusiwa kuendelea na biashara, lakini neno gramafoni lenyewe lilikuwa limeingia katika mgogoro, hivyo akaliacha na kuchukua jina Victor, yaani mshindi. Oktoba 3, 1901 Kampuni ya Victor Talking Machine ilisajiliwa. Berliner alipata sehemu ya hisa kwa hataza zake, na Johnson akawa na sehemu kubwa.

Berliner hakuishia hapo. Katika miaka ya mwanzo ya 1900, baada ya binti yake kuugua, aligeukia kampeni ya usafi wa maziwa na kutumia mali yake kueleza faida ya kuyapasha moto kabla ya kunywa. Alifariki mwaka 1929.

Mbwa, mkono na kabati

Pamoja na hataza, Johnson alipata picha. Mchoraji Mwingereza Francis Barraud alikuwa amemchora mbwa aitwaye Nipper akisikiliza mashine. Mwanzoni mashine hiyo ilikuwa ya silinda. Kampuni ya gramafoni ya London ilikubali kuinunua picha mwaka 1899 kwa sharti kwamba mashine ifutwe na kuchorwa gramafoni. Gramafoni iliyochorwa ni ya aina ile iliyotoka katika karakana ya Johnson, na motari yake ikiwa ndani. Picha hiyo ikawa nembo ya Victor nchini Marekani, na baadaye ya His Master's Voice nchini Uingereza na makoloni yake.

Kwa njia hiyo kazi ya Camden ilifika hadi pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1928, Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri za His Master's Voice. Nyimbo za Kiswahili zilisikika majumbani na mikahawani kupitia sindano, kijiti na kiwambo vya aina ile ile.

Johnson aliendelea kurekebisha. Katika mashine za awali pembe nzima ililala juu ya kisanduku cha sauti, na uzito wake ukaikandamiza santuri. Kufikia 1903 alikuwa ametengeneza mkono wa bomba unaopanuka taratibu kuelekea kwenye pembe, hivyo pembe ikabebwa na kabati na santuri ikapumzika. Mwaka 1906 ilikuja Victrola, ambayo pembe yake ilifichwa ndani ya kabati la mbao. Bei yake ilikuwa dola 200, fedha nyingi kwa wakati huo, na wenye uwezo waliinunua kama samani ya sebuleni.

Hakuwasahau wenye kipato kidogo. Mwaka 1911 kampuni ilitoa Victrola ndogo ya mezani kwa dola 15. Mwenye mashine ya dola 15 na mwenye ya dola 200 wote walinunua santuri zile zile, kila mwezi, mwaka baada ya mwaka. Mashine iliuzwa mara moja, lakini santuri na sindano ziliendelea kuleta fedha.

Redio yamkuta amechoka

Mafanikio ya muda mrefu huweza kumfumba macho hata fundi hodari. Redio ilipoenea Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1920, Johnson hakuipa uzito. Afya yake ilikuwa imedhoofika na alisumbuliwa na sonona kwa vipindi virefu. Wakati huo wananchi waliona hakuna sababu ya kununua santuri ilhali muziki ulipatikana hewani bure. Mauzo yakaporomoka.

Mwaka 1925 Victor ililazimika kukodi haki ya teknolojia ya kurekodi kwa umeme kutoka Western Electric, ikatoa Victrola mpya iliyoundwa kwa ajili ya santuri hizo na kuitangaza kwa nguvu Novemba mwaka huo. Ikatoka pia Electrola, ambayo kichwa chake hakikuwa na kiwambo tena bali sumaku na waya, na sauti ikakuzwa kwa umeme. Mauzo yakafufuka.

Johnson hakungoja kuona mwisho wake. Desemba 1926 alikubali kuuza hisa zake kwa mabenki mawili ya New York. Mwaka 1929 kampuni ikaingia mikononi mwa RCA, kampuni ya redio, na miezi michache baadaye mdororo mkubwa wa uchumi ukaanza. Aliyedharau redio ndiye aliyeuza kabla bei haijaanguka.

Fedha yake ilikwenda sehemu mbalimbali. Alifadhili taasisi ya fizikia ya tiba katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na mwaka 1933 akaitoa meli yake Caroline kwa safari ya utafiti wa bahari ya kina kirefu pamoja na Taasisi ya Smithsonian. Mwaka 1928 alinunua mswada wa mkono wa hadithi ya Alice iliyoandikwa na Lewis Carroll. Baada ya kifo chake uliuzwa, na mwaka 1948 Wamarekani wakaurudisha Uingereza kama zawadi. Johnson alifariki Novemba 14, 1945 akiwa na miaka 78. Mjini Dover ipo makumbusho yenye jina lake.

Alichokiacha kwa wenye mashine leo

Santuri hazikufa, na mashine za kuzipiga bado zinanunuliwa, nyingi zikiwa za mitumba. Mazoea ya Johnson ya kutafuta sehemu yenye hitilafu kabla ya kutoa fedha yangali na manufaa.

Mwenye gramafoni ya springi yenye sauti ya bati mara nyingi hahitaji kichwa kipya. Mpira wa ukingoni umekauka. Mafundi huutoa na kuweka mrija mwembamba wa silikoni au mpira laini, huziba skrubu ya katikati ya kiwambo kwa tone la nta ya nyuki, na huweka sindano mpya kwa kila upande wa santuri.

Kwa mashine za umeme, vichwa vingi vya sumaku vimegawanyika sehemu mbili: mwili wenye koili, ambao hudumu miaka mingi, na sehemu ya sindano inayochomoka. Kinachochakaa ni ncha ya almasi na mpira unaokishika kijiti chake. Kununua sindano peke yake ni nafuu kuliko kichwa kizima, na mwili huo huo mara nyingi hupokea sindano bora zaidi, kwa mfano yenye ncha ya duaradufu badala ya ya mviringo. Kabla ya hapo isafishwe kwa brashi kavu, kutoka nyuma kuja mbele, kwa kuwa vumbi husababisha mkwaruzo unaodhaniwa kuwa uchakavu.

Uzito nao upimwe kwa mizani ndogo. Vichwa vingi vya leo hutaka kati ya gramu 1.5 na 3, na mtengenezaji hueleza kiasi kinachofaa. Uzito ukizidi hula mfereji, na ukipungua sindano hurukaruka na kuuharibu pia. Kisanduku cha enzi za Johnson kilikandamiza kwa zaidi ya gramu 100, kwa hiyo santuri ya plastiki ya miaka ya baada ya 1948 isiwekwe kabisa kwenye gramafoni ya springi. Itaharibika mara moja. Na anayetaka kusikiliza santuri za shelaki kwenye mashine ya umeme anunue sindano yenye ncha pana, kwani mifereji yake ni mipana.

Kwa gharama hizo ndogo, mashine iliyokuwa ikielekea jalalani huweza kurudi sebuleni.